Huria, lakini si leo: Kisa cha Ushahidi na mlango wa majaribio

Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Mwingereza akisema ‘free’ hujui kama anamaanisha kitu kisicholipiwa au kitu kisichofungwa. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wake wa GNU mwaka wa 1983, ametumia miaka zaidi ya arubaini akiwaeleza watu kwamba anapozungumzia programu za aina hiyo anazungumzia uhuru, si bei. Angelikuwa Mswahili, shida hiyo ingeisha kwa sentensi moja: kuna bure, na kuna huru. Isitoshe, sisi tuna neno la tatu, huria, ambalo lina maana ya kitu kilicho wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana Tanzania ina Chuo Kikuu Huria, na wanauchumi wetu husema soko huria. Programu huria, basi, ni ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ilivyosukwa ndani, kuibadilisha, na kumpa jirani nakala.

Sasa swali. Je, kitu kinaweza kuitwa huria ilhali wenyewe wamekifungia ndani kwanza, wakawaonjesha watu wachache na kuwaambia wengine wangoje? Vijana wanaosomea tarakilishi hujibu upesi: la hasha! Huria ni huria. Mlango ukifungwa, hata kwa wiki moja, jina limekuwa la uongo. Mimi si mtaalamu wa tarakilishi. Ni mtu wa lugha na historia yake. Lakini nimelifuatilia swali hili kwa sababu mfano wake bora katika eneo letu ulizaliwa hapa Kenya, tena ukapewa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Wasomaji walio chini ya miaka ishirini na mitano huenda hawazikumbuki siku zenyewe. Tulipiga kura Desemba 27, 2007. Desemba 30 matokeo ya urais yakatangazwa, Rais Mwai Kibaki akaapishwa giza likiingia, na jioni hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku utangazaji wa moja kwa moja. Redio zikawa kama zimetiwa pamba. Kilichofuata kinajulikana. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na watu laki kadhaa wakafurushwa makwao. Huku kwetu, uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Kitale uligeuka kambi. Naitiri ninakoandikia makala haya ni mashamba ya walowezi yaliyogawiwa watu baada ya uhuru, na watu wa makabila mbalimbali wamepakana kwa seng’enge tu. Katika siku zile uvumi ulifika kabla ya habari. Ulisikia kwamba soko fulani limeteketezwa, kumbe halikuguswa. Ulisikia kwamba barabara fulani ni salama, na aliyeipita hakurudi.

Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh, ambaye tayari alikuwa ameshirikiana na mwenzake kuanzisha tovuti ya Mzalendo ya kuwafuatilia wabunge, aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna wajuzi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zinapotokea. Waliomwitikia ni pamoja na David Kobia, Mkenya msanidi programu aliyekuwa akiishi Marekani, Erik Hersman aliyekulia Sudan na Kenya, na Juliana Rotich. Katika muda wa siku chache tovuti ilikuwa hewani. Mwananchi angeweza kutuma habari kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu, na habari hiyo ikishachunguzwa ingewekwa kwenye ramani: hapa pamechomwa, hapa mtu ameuawa, hapa majirani wamewaficha majirani. (Hilo la mwisho tunalisahau. Ramani ilirekodi wema pia.)

Wakaiita Ushahidi. Sijui jina jingine la programu ya kompyuta, katika lugha yoyote, lenye uzito huo. Shahidi katika Kiswahili ni mtu aliyeona jambo na anaweza kulisimulia. Lakini shahidi vilevile ni mtu aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Kiarabu, tulikolitoa neno, kina maneno mawili ya mzizi mmoja, moja la aliyeona na jingine la aliyeuawa. Kiswahili kikayabana mawili hayo yakawa moja. Ukisema ‘yule ni shahidi’ ni muktadha tu utakaoamua kama mtu huyo yungali hai.

Nakaa juu ya neno hili makusudi, kwa kuwa bila maana hiyo ya pili huwezi kuelewa ni kwa nini kuharakisha kutoa programu kama hii kungekuwa hatari. Katika miezi hiyo hiyo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanamgambo wa SLDF walikuwa wameanza tangu 2006 kuwatesa wakazi kwa sababu ya mashamba ya Chebyuk. Watu walikatwa masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, nayo ikaleta malalamiko yake ya mateso. Mwananchi aliyekuwa katikati alibanwa pande zote mbili: akisema na askari anaonekana msaliti, akinyamaza anaonekana mwenzao. Sasa fikiria mtu huyo ametuma ujumbe mfupi kuhusu alichokiona usiku, na mahali pakawekewa alama kwenye ramani. Kijijini kwenye nyumba tatu, alama hiyo inatosha. Jina halihitajiki. Kila mtu anajua ni dirisha la nani linalotazama njia ile.

Programu ya kuandikia barua ikiwa na kasoro, utapoteza barua. Programu ya kukusanyia ushahidi ikiwa na kasoro, namba ya simu ya aliyetuma inaweza kuvuja.

Turudi kwenye kisa. Tovuti ya kwanza ilijengwa mbio mbio kwa ajili ya balaa moja. Haikukusudiwa kubebwa kwingine. Hata hivyo Mei 2008, wageni waliposhambuliwa Afrika Kusini, toleo la awali la programu hiyo lilitumiwa kuchora ramani ya mashambulizi hayo. Wenyewe wakaona kwamba haja ni kubwa kuliko Kenya. Wakapata ufadhili, wakaanza kuiandika upya kabisa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, wakiahidi kwamba itakuwa huria: shirika lolote, kijiji chochote, kitaweza kuichukua na kuisimika bila kulipa.

Ahadi ilitangulia, kitu kikachelewa. Toleo la kwanza la majaribio, mwishoni mwa 2008, halikumwagwa sokoni kila mtu ajichotee. Lilipitia kwanza mikononi mwa wasanidi waliojitolea na mashirika machache ya kulijaribu. Novemba 2008 lilikuwa likitumika mashariki mwa Kongo, wakati mji wa Goma ulipokuwa umetishwa na vita. Mwanzoni mwa 2009 shirika la habari la Al Jazeera lililitumia kukusanya habari za vita vya Gaza. Ni baada ya hayo, katika mwaka wa 2009, ndipo mlango ulipofunguliwa kwa umma na yeyote akaweza kupakua msimbo wenyewe. Matoleo yaliyofuata yakapewa majina ya miji ya Afrika, kama Mogadishu na Luanda, jambo lililonifurahisha sana, kwani mara nyingi vitu hivi huitwa majina ya peremende na wanyama.

Kwa hiyo kuna kipindi cha miezi kadhaa ambapo programu iliyoitwa huria ilikuwa ndani. Je, ilikuwa huria?

Wako wanaosema haikuwa, na wana historia ya kuwaunga mkono. Mwaka wa 1991 mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, aliutoa msimbo wake wa Linux ukiwa bado mbichi, mbovu, haufanyi lolote la maana. Watu wakaja, wakatia mikono yao, ukakua. Mwaka wa 1997 Eric Raymond akaandika insha iliyosomwa kote akilinganisha namna mbili za kujenga programu: ile ya kanisa kuu, wanakojengea mafundi wachache nyuma ya ukuta, na ile ya soko, ambako kila mpita njia ana neno. Yeye alishabikia soko. Mwaka huohuo waliokuwa wakiitengeneza GCC, chombo muhimu mno cha mradi wa Stallman mwenyewe, waligawanyika kwa sababu hiyo hasa: kundi dogo lilikuwa limeushikilia usukani kiasi kwamba marekebisho ya wengine hayaingii. Waliochoka wakaondoka na nakala, wakaanzisha tawi lao la wazi, wakalikuza, na kufikia 1999 tawi ndilo lililotambuliwa kuwa shina. Tusisahau kwamba mabwana wa kundi la kwanza hawakuwa wameiacha imani yao ya uhuru. Walikuwa wakilinda ubora tu. Ulinzi ukageuka ugumu.

Upande wa pili nao una hoja, na mara nyingi wale vijana wangu hawaijui. Leseni za programu huria, hata ile kali kuliko zote ya Stallman, hazimlazimishi mtu kutoa kazi yake kabla hajataka. Unaweza kuandika au kubadilisha programu chumbani mwako ukaitumia peke yako hadi ukafa, na hujavunja sharti lolote. Wajibu unaanza pale unapompa mwingine. Ukishampa, humzuii tena: na yeye ana haki ya kumpa wa tatu. Kwa hiyo kulazimisha programu itolewe ikiwa mbichi si uhuru. Ni namna nyingine ya kumshika mtu mkono. Lakini jihadhari na sehemu ile ya mwisho. Ukishaigawa chini ya leseni hiyo kwa wajaribu kumi, huwezi kuwakataza kwa sheria wasimpe wa kumi na moja. Unaweza kuwaomba tu. Kinachoufunga mlango wa majaribio ni heshima ya waliomo, au ni kuchelewesha leseni yenyewe, jambo ambalo mwenye kazi anaruhusiwa kulifanya.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na sisi wa huku, nao ni mbegu. Mahindi tunayoyapanda Naitiri yana nasaba inayopitia kituo cha utafiti cha Kitale. Huko ndiko Michael Harrison na wenzake walikoyapandikiza mahindi ya Kitale na aina moja iliyotoka Ecuador, na mwaka wa 1964 wakatoa mbegu ya H611. Kabla ya kutolewa ilipandwa kwenye vishamba vya majaribio, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuchuma mahindi hayo akapande kwake. Hakuna mkulima aliyelalamika kwa hilo. Mbegu isiyojaribiwa ikipewa watu ikashindwa, msimu mzima umekwenda na watoto watalala njaa. Hadi hapo, mbegu na programu zinafanana. Tofauti inakuja baada ya kutolewa. Mbegu chotara ukiihifadhi na kuipanda tena mwaka wa pili, nguvu zinapungua, kwa hiyo unarudi dukani kila msimu. Lango la majaribio lilifunguliwa, lakini lango la duka likabaki. Programu huria ikishatoka, unaweza kuipanda milele kutoka ghalani kwako. Ndiyo sababu mimi huwa mvumilivu zaidi kwa mwenye programu kuliko kwa mwenye mbegu: anachoomba nisubiri ni kitu ambacho baadaye hataweza kuninyang’anya.

Mradi atatoa kweli. Hapo ndipo roho ya mambo ilipo. Mwaka wa 2011 Google ilitoa toleo la tatu la Android kwa ajili ya tableti, ikauzuia msimbo wake usitolewe kwa umma kama ilivyozoeleka, ikisema haujawa tayari kwa vifaa vingine. Huku nyuma makampuni makubwa yaliyoshirikiana nayo yalikuwa tayari yakiuza vifaa vyenye programu hiyo. Msimbo haukutoka hadi Novemba mwaka huo, pamoja na toleo lililofuata. Maneno yao yalikuwa yaleyale yanayoweza kusemwa na mradi mdogo wowote: bado, haijaiva. Lakini kwao ‘bado’ haikuwazuia wenye nguvu kuingia. Iliwazuia wadogo peke yao.

Kwa Ushahidi hali haikuwa hiyo. Walioingia mapema hawakuingia kufanya biashara, bali walikuwa wakiijaribu palipowaka moto, Goma na Gaza. Sioni kosa kwa kuwa mlango ulifungwa. Nikitazama hali ya Mlima Elgon ya wakati ule, naona ingekuwa uzembe kuitoa ile programu ya Januari jinsi ilivyokuwa na kumwambia mtu yeyote, akiwemo mwenye nia mbaya, aikusanyie habari za mashahidi. Nilipo na wasiwasi ni kwenye suala la nani anayetambuliwa kuwa mjaribu. Shirika lenye ofisi na barua pepe linajulikana. Mwalimu wa shule ya msingi aliye Endebess au Kapsokwony, anayejua ni njia ipi ilifungwa jana usiku na ni neno lipi watu wanalitumia kuficha jina la kundi fulani, hajulikani na mtu. Na ndiye ambaye macho yake yangegundua hatari ambayo msanidi aliye Alabama au Johannesburg hawezi kuiona: kwamba alama moja kwenye ramani ni sawa na jina.

Hili la lugha nalo si dogo. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini mwito wa kwanza wa Okolloh ulitolewa kwa Kiingereza, na mijadala ya wasanidi ikawa kwa Kiingereza. Sisemi hivyo kuwalaumu. Nchi ilikuwa ikiungua na walitumia lugha iliyowafikia wajuzi waliotawanyika duniani. Ila kila mlango wa majaribio una kizingiti cha pili kisichoandikwa. Hata wakikualika, utaripoti kasoro kwa lugha gani? Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walililiona hili mapema kupitia mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Ilibidi kwanza waketi wakubaliane istilahi, faili liitwe nini na dirisha liitwe nini. Wanaisimu walikuwa ndani ya chumba tangu mwanzo. Sidhani kama mradi mwingi wa programu leo unamwalika mwanaisimu kabla ya siku ya sherehe.

Kwamba Ushahidi ilifunguliwa kabla ya balaa kubwa lililofuata, lilikuwa jambo la heri. Januari 12, 2010 tetemeko liliipiga Haiti. Katika muda wa saa chache Patrick Meier, aliyekuwa akisomea Marekani na kufanya kazi na Ushahidi, pamoja na Kobia walikuwa wamesimika ramani, na wanafunzi waliojitolea wakawa wanaijaza usiku na mchana. Baadaye ujumbe mfupi ukaanza kumiminika kupitia namba 4636, mwingi ukiwa kwa Krioli ya Haiti. Wahaiti waliotawanyika ughaibuni wakautafsiri, kila mtu mezani kwake. Miaka miwili kabla yake, programu ile ilikuwa ikijua balaa moja na nchi moja. Lililobadilika katikati ni miezi ile ya kufungiwa, ambapo ilikomazwa, na siku ile ya kufunguliwa, ambayo ilifika kweli.

Nimalizie kwa kazi yangu ya kila siku, ambayo ni kutafuta maneno. Wasanidi hutumia herufi za Kigiriki kutaja hatua hizi, alfa kwa toleo la ndani na beta kwa lile la kuonjesha watu. Sisi tumezoea kusema ‘toleo la majaribio’ kwa yote mawili, na hapo tunapoteza tofauti yenyewe tunayobishania. Kiswahili lakini kina mwali. Kwa desturi za pwani na za jamii nyingi za bara, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundishwa na somo wake, na siku zake zilipotimia alitolewa nje kwa ngoma. Kutolewa: ndicho kitenzi hichohicho kilichotupa toleo. Anayewekwa uwalini hajanyimwa ulimwengu, anatayarishiwa. Lakini siku ya kumtoa inajulikana na wote, somo wake anajulikana kwa jina, na mwali anayewekwa ndani bila siku ya kutolewa watu humwita mfungwa. Kwa hiyo toleo la alfa napendekeza tuliite toleo la uwalini, na la beta tuliachie jina la toleo la majaribio. Wenzangu wa istilahi wakiona uwalini ni neno la jikoni mno kwa mambo ya kompyuta, walete lao.